Ndugu Zetu wa Mto Juba Walivyopokewa Mjini Lewiston

 

Kamati ya Umoja wetu iliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya kijitabu hiki, nadhani ilitaraji nieleze asili yetu: Handeni, shamba la Bibi, na jinsi wazee wetu walivyoteremka kwenda Tanga na Pangani kufuata kazi za mkonge. Hayo yamekwisha kuelezwa na kaka yetu mkubwa katika kijitabu kilichopita, tena kwa ufasaha nisioufikia. Kwa hiyo nimeomba ruhusa niandike juu ya jambo lililo mbali kwa mahali lakini karibu kwa nasaba. Nalo ni namna mji wa Lewiston, katika jimbo la Maine, ulivyowapokea wakimbizi waliotoka Somalia, ambao miongoni mwao wamo watu wanaosema lugha ile ile aliyotuimbia Bibi alipotulaza usingizi. Mwishoni nitaeleza kosa langu mwenyewe, na ombi langu kwa Kamati. Naomba msomaji avumilie mpaka huko, kwani ombi lenyewe halieleweki bila ya historia.

MJI WENYEWE

Lewiston ni mji wa mkoani, si jiji. Uko kando ya mto Androscoggin, na ng'ambo ya mto uko mji wa pili uitwao Auburn. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu Lewiston watu 35,690, idadi iliyo ndogo sana kuliko ya jiji letu la Tanga. Maporomoko ya mto ndiyo yaliyoujenga mji huu, kwani katika karne ya 19 maji yake yaliendesha mitambo ya viwanda vikubwa vya nguo za pamba. Wafanyakazi wa kwanza walikuwa wasichana wa mashambani na Waairishi. Baadaye, hasa baada ya reli kufika mwaka 1874, walikuja kwa maelfu Wakanada wa Quebec, wasemao Kifaransa na wafuasi wa Kanisa Katoliki, wakajazana katika nyumba za ghorofa za mbao karibu na viwanda, katika mtaa ulioitwa Petit Canada, yaani Kanada Ndogo.

Msidhani kwamba walipokewa kwa vigelegele. Walisemwa kuwa ni wengi mno, kwamba wanazaa kupita kiasi, kwamba hawataki kujifunza lugha ya wenyeji. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilipitisha sheria ya kufanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia katika shule za serikali, na katika miaka ya 1920 kundi la Ku Klux Klan lilijizolea wafuasi wengi jimboni humo kwa kuwachukia Wakatoliki. Nimewahi kukaa na wazee wa Lewiston wakanisimulia walivyoadhibiwa shuleni kwa kusema Kifaransa uwanjani. Sisi tuliochapwa kwa kusema Kizigua darasani hatukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Vijana watapenda kujua kwamba mji huu mdogo ndimo Muhammad Ali alimomwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza, tarehe 25 Mei 1965. Baada ya usiku huo dunia iliusahau. Viwanda vilihamia kusini mwa nchi na kisha ng'ambo, na ilipofika mwisho wa karne maduka ya barabara ya Lisbon, ambayo ni barabara kuu, yalikuwa yamefungwa moja baada ya jingine, na nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa tupu. Mji wenye nyumba tupu na kodi nafuu, shule zenye nafasi na usalama mitaani, ni mji unaosubiri wageni hata kama wenyewe haujui.

Neno moja zaidi kabla sijaondoka kwenye pamba. Wazee wetu walilijua jora la merikani, kitambaa kigumu kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said. Merikani ilikuwa kama fedha: ilinunua pembe za ndovu bara, na ilinunua watu. Sisemi kwamba jora lolote lililofika Pangani lilifumwa Lewiston, kwani soko lile lilikuwa la viwanda vya kusini zaidi. Nasema tu kwamba pwani yetu na viwanda vya kaskazini mwa Marekani vilifahamiana zamani kuliko tunavyodhani.

WATU WA JUBA

Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliingia Uzigua. Masimulizi ya huku na ya Somalia yanakubaliana katika jambo hilo. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, na huko wengine waliwekwa rehani, wengine waliuzwa, wengine walidanganywa kwamba wanapelekwa kazini na watarudishwa msimu ukigeuka. Majahazi yaliwachukua hadi bandari za Benadir, yaani Barawa, Merka na Mogadishu, wakatiwa katika mashamba ya bonde la mto Shebelle. Pamoja nao walikuwamo Wayao, Wamakua, Wangindo, Wazaramo na watu wa Nyasa.

Wengi walitoroka. Wazigua wa Juba husimulia habari za kiongozi wao Wanakhucha, aliyewaongoza kutoka utumwani kwa nia ya kurejea kwao kwa miguu. Hawakufika. Walisimama katika misitu ya mto Juba, wakafyeka, wakalima mahindi na ufuta, wakajenga vijiji vyao. Wasomali wafugaji waliwaita Wagosha, watu wa msituni, na majina mengine ya dharau nisiyotaka kuyaandika katika kijitabu cha ukoo. Jina la "Wasomali Wabantu" ni la juzi, lililoenezwa na mashirika ya misaada katika miaka ya 1990. Lakini wale wa asili yetu waliendelea kujiita Wazigula, na kwa zaidi ya miaka 150 waliitunza lugha bila kitabu wala shule.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, wakulima hawa, wasio na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda, waliporwa ghala zao na makundi yote yaliyokuwa yakipigana. Walikimbilia Kenya, katika kambi za Dadaab. Wengine walipanda majahazi wakaja kwetu, wakawekwa Mkuyu, wilayani Handeni, katika nchi ileile waliyochukuliwa mababu zao.

Hapa naanza kuungama. Miaka hiyo nilikuwa mtumishi wa serikali mkoani Tanga. Majalada ya wakimbizi yalipita mezani kwangu, nami nilitia saini karatasi za magunia na mahema bila kwenda hata siku moja kuwaona watu wenyewe. Niliposikia kwamba wanasema Kizigua nilistaajabu kidogo, nikafunga jalada, nikaenda kula chakula cha mchana. Baadaye, mwaka 2003, walihamishiwa Chogo, wakapewa mashamba, na wengi wao hatimaye wakapewa uraia wa Tanzania. Hilo ni jambo la kujivunia kwa nchi yetu, ingawa mimi binafsi sina sehemu katika fahari hiyo.

Waliobaki Kenya walisubiri. Yalizungumzwa mawazo ya kuwapeleka Tanzania, kisha Msumbiji, yakashindikana kwa kukosa uwezo. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea kama kundi. Mwaka 2002 watu wapatao 12,000 walihamishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma, upande wa pili wa Kenya, ili wasailiwe kwa usalama, na mwaka 2003 ndege za kwanza ziliondoka. Walitawanywa katika miji mingi ya Marekani, familia chache hapa na chache pale.

WALIVYOFIKA LEWISTON

Wasomali walitangulia. Mwanzoni mwa mwaka 2001 familia za kwanza zilifika Lewiston kutoka Portland, mji mkubwa wa Maine, ambako nyumba zilikuwa zimekwisha. Habari zikaenea kwa simu. Wazee waliokuwa katika majiji makubwa kama Atlanta walituma watu kwenda kupeleleza, nao wakarudi na jibu kwamba kuna baridi, lakini kuna nyumba, shule na amani. Kufikia mwisho wa mwaka 2002 walikuwa wamekwisha kupita elfu moja.

Ni lazima nieleze utaratibu, kwa sababu ugomvi wote ulitokana na watu kutoufahamu. Mkimbizi anayeletwa Marekani hupokewa na shirika lenye mkataba na serikali kuu. Shirika hilo humtafutia nyumba na vyombo, humwandikisha shuleni na hospitali, na kumtengenezea kadi zake, katika siku 30 hadi 90 za mwanzo. Baada ya hapo hutakiwa afanye kazi. Lakini mkimbizi si mfungwa, anaweza kuhama kesho yake akitaka. Akihama, ile fedha ya mapokezi haimfuati, imebaki kule alikofikia mara ya kwanza. Lewiston haikuteuliwa na serikali kuwapokea watu hawa. Wao ndio walioiteua Lewiston, na mzigo ukaangukia ofisi ya mji.

Sheria ya Maine inautaka kila mji umsaidie mkazi asiye na kitu, awe mzaliwa au mgeni. Msaada huo hautolewi mkononi. Ni hati inayopelekwa kwa mwenye nyumba, au kwa duka la chakula, au kwa muuza mafuta ya kupashia nyumba joto, na jimbo hurudisha sehemu ya gharama. Lakini mitaani ulienea uvumi kwamba kila familia ya Kisomali hupewa gari na fedha taslimu. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuhamia Marekani, kwa ile bahati nasibu ya viza niliyoipata mwaka 1998 nikiwa na umri wa miaka 39, nami nilikuwa karani katika ofisi ya umma ya mji mwingine wa jimbo hilo hilo. Nilijibu swali la magari hayo kila wiki. Nilionyesha sheria, nilionyesha fomu, na muulizaji aliondoka akiamini lile alilokuja nalo.

Oktoba 2002 meya wa Lewiston, Laurier Raymond, aliandika barua ya wazi kwa wazee wa Kisomali akiwaomba wapunguze kasi ya kuja, akisema mji umeelemewa. Jina lake la kwanza ni la Kifaransa, na wengi waliomuunga mkono walikuwa wajukuu wa wale waliowahi kuambiwa kwamba ni wengi mno. Wazee wa Kisomali walimjibu kwa maandishi. Magazeti ya nchi nzima yakaichukua habari, na kundi moja la wabaguzi kutoka mbali likatangaza mkutano mjini. Tarehe 11 Januari 2003, katika baridi kali, watu zaidi ya 4,000 walikusanyika Chuo cha Bates kuupinga ubaguzi, na kwa wale wabaguzi walifika makumi machache tu. Nilikuwapo. Nilisimama nyuma karibu na mlango, kwa woga wa mtumishi wa serikali asiyependa kupigwa picha.

Sitaki kuwapaka rangi. Julai 2006 mtu alitupa kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wa barabara ya Lisbon wakati watu wanasali. Lakini mji ulikwisha kuamua, kidogo kidogo, kwa mambo madogo. Walimu walijifunza kufundisha watoto ambao hawajawahi kushika kalamu. Shule ya watu wazima ilijaa akina mama. Majirani walileta makoti. Wasomali wakafungua maduka katika yale majengo yaliyofungwa.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wabantu walipoanza kuhamia Lewiston, hasa kuanzia mwaka 2005, jembe ndilo walilolitaka. Mradi wa kuwapatia wakulima wageni ardhi na mafunzo ulikwisha kuanzishwa mjini humo, na akina mama wa Juba waliuvamia kwa furaha. Leo jumuiya yao inalima mahindi, maharage na mboga, na tangu mwaka 2020 ina shamba la ekari zaidi ya mia moja katika kijiji kiitwacho Wales. Mwaka 2015 timu ya soka ya shule ya sekondari ya Lewiston, ambayo wachezaji wake wengi walikuwa watoto wa wakimbizi, ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa bao moja kwa sifuri. Wazee wa Kifaransa niliowataja walilia uwanjani. Mwaka 2022 jimbo la Maine lilipata kwa mara ya kwanza wabunge wa asili ya Kisomali, na mmoja wao, Mana Abdi, alichaguliwa kutoka Lewiston. Na tarehe 25 Oktoba 2023, mtu mwenye bunduki alipoua watu 18 mjini humo, wageni na wenyeji walilia pamoja na kufungiana milango pamoja, kwa kuwa msiba haukuuliza nani alifika lini.

NENO MOJA

Mwaka 2006 niliingia duka moja la barabara ya Lisbon kununua nyama ya mbuzi. Mtoto mdogo alikuwa akivuta shuka la mama yake, akisema neno moja: "Mazi, mazi." Niliduwaa. Sikuwa nimelisikia neno hilo tangu Bibi afariki. Nikamuuliza yule mama kwa Kiswahili anatoka wapi. Akajibu, kwa Kiswahili cha Kakuma, "Juba." Nikamwambia mimi ni wa Handeni. Akaniangalia kwa muda, kisha akaliita duka zima: "Njooni mwone. Huyu ametoka kule kwetu."

Tangu siku hiyo nilikuwa mkalimani wao wa kujitolea kila Jumamosi. Na hapo nikagundua jambo ambalo takwimu za misaada hazilionyeshi. Ofisi nyingi ziliwawekea wakalimani wa Kisomali, zikidhani Msomali ni Msomali. Lakini Wabantu wengi husema Kimaay au Kizigula, na mzee aliyedharauliwa maisha yake yote huko Juba alijikuta Marekani akieleza maradhi yake kupitia kinywa cha mtu wa kabila lililokuwa likimdharau. Wakalimani wengi walikuwa waaminifu. Hata hivyo mzee alinyamaza. Nyumba, koti na hati ya chakula vilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kumsikia.

Nami nilijiona ndiye mtu huyo. Sikilizeni nilichofanya.

Mwaka 2007 yule mama, ambaye sasa alikuwa akiniita kaka, alitaka kuwaleta watoto aliowaacha Kakuma kwa mama yake. Kulikuwa na mpango wa kuunganisha familia, ambao mkimbizi aliyekwisha kufika alijaza kiapo cha uhusiano kwa ajili ya mume au mke, wazazi, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Tulikaa jikoni kwake, karatasi juu ya meza, chai ikipoa. Akasema, "Andika wanangu wawili." Akataja binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 9.

Mimi ni mtoto wa Handeni. Najua kwamba ukoo wa Kizigua ulifuata tumbo la mama, na kwamba mtoto wa dada yako ni mwanao, hana jina jingine. Najua kwamba mwanamke wa kwetu akisema "mwanangu" anaweza kuwa na maana ya aliyemzaa, au aliyezaliwa na dada yake, naye katika yote mawili hajasema uongo. Nilijua vilevile kwamba fomu ile iliuliza jambo moja tu, yaani nani alimzaa. Kazi ya mkalimani ilikuwa kuuliza swali la pili. Ingenichukua sekunde tano. Sikuuliza. Nilijiambia kwamba ni adabu kutomhoji dada, lakini ukweli ni kwamba nilihofu jibu. Nikaandika "mtoto wa kuzaa" mara mbili, naye akatia alama ya kidole mahali nilipomwonyesha.

Mwaka 2008 Marekani ilianza kuwapima vinasaba waombaji wa mpango huo, kwanza Nairobi, kisha katika nchi nyingine za Afrika. Katika majaribio hayo, familia ambazo uhusiano wote uliotajwa ulithibitika hazikufika asilimia 20. Wengine walikataa kupimwa au hawakutokea, na wadanganyifu walikuwamo, siwatetei. Wapo waliouza nafasi. Lakini ndani ya hesabu hiyo walikuwamo pia watoto wa dada, wajukuu waliolelewa, na yatima waliookotwa njiani. Oktoba 2008 maombi mapya yalisimamishwa, na hayakufunguliwa tena hadi Oktoba 2012.

Binti alikuwa wake. Mvulana alikuwa wa marehemu dada yake. Jalada zima likafungwa kwa ajili ya tamko lisilo la kweli, na wote wawili wakabaki Kakuma.

Nilikwenda kumweleza mwenyewe. Akaniuliza, "Kaka, kipimo kimesema nini?" Nikamjibu kwamba kimesema mvulana si mwanawe. Akafikiri, kisha akasema, "Basi ni wa nani? Mama yake nilimzika mimi."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Binti alifika mwaka 2015, baada ya maombi mapya kujazwa kwa haki. Alimwacha mama yake akiwa mtoto, akamkuta tena akiwa mtu mzima. Mvulana, ambaye leo ni mwanamume wa miaka 27, yuko Kakuma bado. Jalada lake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, lilikuwa likisubiri wakati mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025. Huzungumza na mama yake kwa simu kila Ijumaa. Namwita mama yake, kwa sababu ndivyo anavyomwita yeye.

OMBI LANGU KWA KAMATI

Ndugu zangu, rasimu ya daftari la ukoo mliyonitumia ni kazi nzuri, na waliochapisha majina zaidi ya mia mbili bila malipo wanastahili shukrani zetu sote. Lakini ina safu tatu tu: jina, baba, mama. Na azimio lililoandaliwa linasema watakaoingizwa ni "waliozaliwa ndani ya ukoo."

Nyote mnamfahamu marehemu Mjomba Mdogo. Bibi hakumzaa. Alimchukua akiwa na miaka mitatu, mama yake alipofariki, akamlea kwa ziwa lile lile na kiboko kile kile kama sisi. Yeye ndiye aliyeuza ng'ombe wake wawili nilipopata nafasi ya kusoma. Watoto wake walioko Uingereza wamelipa ada ya Umoja huu kila mwaka. Kwa azimio hili wanafutwa, na anayewafuta ni sisi wenyewe, bila ofisi yoyote ya kigeni kututaka tufanye hivyo.

Wapo wanaosema kwamba tukianza kumwingiza kila aliyelelewa, daftari litakosa maana. Naiheshimu hoja hiyo, kwani mimi ni karani, na karani huogopa daftari lisilo na mpaka. Wala sitaki tufanye kama nilivyofanya mimi jikoni kule Lewiston, kuandika kimoja na kumaanisha kingine. Ukweli wa damu uandikwe, kwa sababu siku moja mjukuu wetu ataulizwa mbele ya meza ya ofisa, na jibu la adabu halitamsaidia. Ninachoomba ni safu mbili zaidi: "aliyemzaa" na "aliyemlea." Ofisi ikiuliza damu, tuijibu damu. Ukoo ukiulizwa watu wake, uwataje watu wake wote. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Daftari linalomtaja mzazi na kumsahau mlezi limeiacha kazi yenyewe nje.

Na mwanzoni mwa daftari, naomba mstari mmoja uachwe wazi. Bibi alikuwa akisimulia kwamba nyanya ya nyanya yake alikuwa na dada, aliyeteremka pwani mwaka wa njaa kutafuta mtama, akaahidi kurudi kabla ya mvua za masika. Hatuna jina lake. Sidai kwamba yule mama wa Lewiston ni wa tumbo hilo; hakuna awezaye kulidai, na kipimo hakitafika huko. Lakini nilipomsimulia habari hiyo hakuuliza ushahidi. Alinimiminia chai nyingine, akaniuliza kama nyumbani kwetu bado kuna watu wanaomngoja.

Naliacha swali hilo mbele ya mkutano.

Mwenyezi Mungu atufikishe salama na aturudishe salama. Amina.

Wenu katika ukoo.